Mayai Yenye Alama ya Mkaa

Nimekula vyakula vibaya vingi, vingine kwa sababu nilikuwa mgeni na vingine kwa sababu ya kiburi. Lakini ni chakula kimoja tu, nilichokipika kwa mikono yangu, kilichowahi kuinyamazisha nyumba nzima. Na kilikuwa kitamu. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba kilikuwa kitamu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nimerudi Mbinga kutoka chuo kikuu kule Uganda na digrii moja, tai mbili na uhakika juu ya mambo mengi. Wakubwa wa elimu waliniambia nifundishe shule ya kati kwa muda, mpaka ipatikane nafasi ya sekondari. Muda huo ulidumu miaka mitano. Nilipewa nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba viwili, na jiko la nje lenye kuta za udongo na paa la nyasi, hatua sita kutoka barazani. Hizo hatua sita nazitaja kwa makusudi, kwa sababu kwa umbali huo mtu aliyekaa barazani husikia kila kitu.

Mke wangu alikuwa wa Lundo, kule ufukweni mwa ziwa. Mimi ni wa Mbuji, mtoto wa milimani, wa kahawa na mahindi. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa, na mwezi huo wa Oktoba alikuwa na mimba ya miezi minne, ya kwanza. Kwa wiki sita hakuwa ametuliza chakula tumboni. Hata usipa, visamaki vidogo vya ziwani alivyolelewa navyo, vilimkimbiza nje kabla havijafika mezani. Alikonda mpaka pete ya ndoa akaifunga kwa uzi.

Sista wa hospitali ya misheni, mwendo wa saa moja kutoka kwetu, alimwambia ale mayai, maziwa na mboga za majani. Mboga alijaribu. Maziwa yalimshinda. Nilipomuuliza kuhusu mayai alinijibu akiwa anapepeta mchele, bila kuinua macho: mayai yapo, lakini si ya kuliwa. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilijua nimeelewa. Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimetoa hotuba kwenye mkutano wa walimu, yenye kichwa "Miiko na Maendeleo," nikaeleza kwa kirefu jinsi wanawake wa ziwani wanavyoacha mayai wakiwa na mimba kwa kuogopa kuzaa mtoto mwenye upara. Walimu walipiga makofi. Wawili kati yao walikuwa na upara.

Jambo lililonisumbua usiku na mchana halikuwa miiko, lilikuwa masika. Mtoto alitarajiwa mwezi wa Machi, na kwa desturi mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke. Mama yuko Lundo. Lundo wakati ule ilikuwa na chumba kimoja cha dawa na mhudumu mmoja, na masika yakianza, lori lililoshuka kwenda ziwani halikupanda tena mpaka barabara ikauke. Mzazi akipatwa na shida kule, njia ya kumfikisha kwa sista ilikuwa ni mabega ya wanaume. Nilitaka mke wangu ajifungulie Mbinga. Yeye pia alitaka. Aliyepaswa kukubali ni mama yake.

Ndiyo maana mama mkwe alipanda kutoka Lundo, na tenga la samaki wakavu wa mbasa, kuja kuitazama nyumba. Hakusema amekuja kuitazama. Alisema amekuja kumwona mwanawe. Lakini alihesabu kuni, akapima ulezi ghalani kwa kuuingiza mkono mpaka kiwiko, akagonga kuta za jiko kwa vidole. Kama nyumba ina uwezo wa kumtunza mzazi, binti atabaki. Kama haina, atashuka naye.

Ni lazima nieleze tulivyoishi wiki ile. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Sikuruhusiwa kuingia jikoni akiwa humo, wala kula mbele yake. Nilimwamkia shikamoo kutoka kwenye kona ya nyumba, uso nikiugeuzia mgomba, na yeye akauitikia mgomba. Akiwa na neno kwangu, alimwambia mke wangu. Mke wangu asipokuwepo, alikiambia kitu chochote kilicho karibu. Siku ya pili aliuambia ufagio kwamba paa la jiko linavuja upande wa magharibi. Nikapanda nikaliziba. Siku ya nne aliuambia mlango kwamba kuna kitu kimekufa ndani ya kabati la mwalimu.

Hicho kilichokufa kilikuwa jibini. Bruda mmoja mzee wa misheni, aliyekuwa akiitengeneza mwenyewe katika chumba chenye baridi, alinipa kipande kikubwa kama tofali kwa sababu nilimsaidia kutafsiri barua zake. Nilikuwa nimekificha huku nikitafakari mpango wangu.

Mpango wenyewe ulitoka Uganda. Mhadhiri wetu mmoja alikuwa na mke ambaye Jumapili alitualika wanafunzi wachache, akatulisha kitu alichokiita kishi: mkate mwembamba wa duara, wazi juu, uliojazwa mayai, maziwa, jibini na mboga, ukaokwa mpaka ukawa na rangi ya asali. Mara ya kwanza nilikula vipande vitatu na mhadhiri akaacha kuzungumza. Baadaye nilikuwa nikibaki jikoni kumsaidia yule mama kuosha vyombo, nikamwona anavyokipika. Jambo hilo la kuosha vyombo sikuwahi kulisema Mbuji.

Nikajiambia hivi: ndani ya kishi yai halionekani. Mke wangu atakula dawa ya sista bila kujua anaila, tumbo litatulia, mwili utarudi, mama yake ataona binti ananawiri kwangu. Nilijiona mwerevu kiasi cha kujionea haya kidogo. Haya hizo hazikutosha.

Jumamosi mama na binti walienda sokoni na lile tenga la mbasa. Nilipowaona wamepita kwenye mikaratusi ya shule, nikavua tai, nikaingia jikoni.

Unga wa ngano nilikuwa nao, ule wa mashamba ya misheni. Niliusugua kwa mafuta ya nguruwe na chumvi mpaka ukawa kama mchanga wenye unyevu, nikaukanda kwa maji baridi ya mtungini, nikauacha upumzike chini ya kitambaa. Majani ya maboga niliyamenya nyuzi moja moja, kazi ambayo tangu siku ile sijawahi kuiita nyepesi, nikayachemsha kidogo na kuyakamua. Vitunguu nikavikaanga. Jibini niliiparuza kwenye kifuniko cha kopo nilichokitoboa kwa msumari, na damu kidogo ya kidole changu ikaingia humo, sikuitoa. Unga nikausukuma kwa chupa ya dawa ya kikohozi, nikautandaza ndani ya sahani ya bati.

Yakabaki mayai. Kwenye pembe ya jiko, ndani ya kikapu kilichowekwa majani makavu ya mahindi, kulikuwa na kuku mwekundu wa mke wangu. Alikuwa amekaa pale tangu juzi kwa namna ya kuku mwenye jambo lake. Niliingiza mkono chini yake akanidonoa mara mbili. Nikamwinua. Chini yake kulikuwa na mayai kumi na mawili. Kumi na moja yalikuwa yamechorwa mstari wa mkaa kuyazunguka. Moja lilikuwa jeupe, halina alama.

Hiyo mistari nilikuwa nimeiona zamani, na ilikuwa tayari kwenye daftari langu la utafiti. Niliandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba wanawake wa ufukweni huchora mayai kwa mkaa, bila shaka kuyakinga na jicho baya. Nikayachukua mayai tisa yenye alama. Yule mama wa Uganda alitumia sita, lakini yetu ni madogo. Lile jeupe nililiacha. Nilidhani ni bovu, kwamba ndiyo maana mke wangu hakuona sababu ya kulikinga.

Nilipoyavunja niliona juu ya viini vingine kiduara kilichofifia, kama alama ya glasi juu ya meza. Nikakitazama. Nikajiambia kuku wetu ndivyo walivyo, nikapiga kwa uma pamoja na maziwa mpaka viduara vikapotea, nikamimina juu ya mboga na jibini.

Tanuri sikuwa nalo. Niliweka vijiwe vitatu ndani ya sufuria kubwa, juu yake ile sahani, nikafunika, nikapalia makaa juu ya kifuniko na kupunguza moto chini. Nikakaa mbele ya mafiga na saa ya mkononi kama msimamizi wa mtihani. Nilipofunua nilishtuka. Kishi ilikuwa imeumuka, imepata rangi ileile ya asali, na harufu yake ilikuwa harufu ya Jumapili za Uganda. Maganda nikayatia motoni. Vyombo nikaviosha. Nikavaa tai.

Walirudi saa sita. Mke wangu alikuwa amechoka, amejishika kiuno. Nilimkabidhi sahani iliyofunikwa, nikamwambia nimewapikia, ajaribu, ndani kuna ngano, mboga, maziwa na jibini. Kati ya vitu vitano nilitaja vinne. Hakuuliza cha tano. Alinitazama, akatazama sahani, akaingia nayo jikoni kwa mama yake.

Nikakaa barazani na kitabu, na sikugeuza ukurasa.

Waliongea Kinyasa cha kwao ziwani, ambacho kwa wakati ule nilikuwa nakielewa kuliko walivyodhani. Mama aliuliza ni nini. Binti akamweleza kwamba mumewe amepika. Mama akauliza kama ni kwa mikono yake. Binti akajibu ndiyo, alijifunza huko chuoni. Mama akauliza chuoni alikaa miaka mingapi, akaambiwa minne, akasema anashukuru kujua hatimaye walichokuwa wanamfundisha. Kisha nikasikia kutafuna. Kisha sikusikia kitu. Kisha mama akasema si kibaya, akaomba kipande kingine.

Mke wangu alikula kimoja. Nikasubiri sauti ya kiti kusukumwa na miguu kukimbilia nyuma ya jiko, sauti niliyoisikia kila siku kwa wiki sita. Haikuja. Akala cha pili. Haikuja. Nilifumba macho nikaanza kutunga sentensi ya kwanza ya hotuba mpya.

Kuku ndiye aliyeniharibia. Alitoka jikoni akizungukazunguka uwanjani, manyoya yamesimama, analia ule mlio wa kukatakata. Mama mkwe akatokea mlangoni akamtazama. Akarudi ndani. Nikasikia majani ya mahindi yakichakurwa kikapuni.

Alipotoka tena alikuja mpaka katikati ya uwanja, akasimama mbele ya yule kuku, akanipa mgongo. Alisema naye kwa Kiswahili, lugha ambayo kuku yule, mzaliwa wa Umatengo, milimani kwetu, na mali ya mwanamke wa Lundo, hakuwa na sababu yoyote ya kuijua. Hapo nikafahamu kwamba maneno ni yangu.

"Kuku," alisema, "usinilaumu. Na mimi nimekula. Nimekula vipande viwili nikasifu."

Kuku akaendelea kulia.

"Umekaa juu ya mayai siku mbili, hujanywa maji. Mwenye nyumba amekuja akala mbegu. Mwenye njaa akila mbegu tunamhurumia. Huyu ghala lake limejaa." Akainama akaokota unyoya. "Jumatatu kuna lori linashuka. Mwanangu anashuka nalo."

Akarudi jikoni. Hakupandisha sauti hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu kama mtu anayeshikilia ukingo wa mtumbwi.

Mke wangu alikuja barazani taratibu. Nilitegemea hasira, nilikuwa na majibu ya hasira. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa habari na bado anaisikiliza.

"Mangapi?" aliuliza.

"Tisa."

"Yenye alama?"

"Yenye alama. Lile lingine nililiacha. Nilidhani ni bovu."

Alikaa chini kwenye ngazi. Akaweka mkono juu ya tumbo, si kwa uchungu, ila kama anayesikiliza kama litakataa. Halikukataa. Mwili wake, uliokuwa umerudisha kila kitu tangu Septemba, uliamua kukishika hicho.

Ndipo akanieleza, kwa sauti ya kumweleza mwanafunzi mgumu. Kuku akiatamia, kuku mwingine, hata wa jirani, huja akataga juu ya mayai yake. Ndiyo maana mayai ya kuangua huchorwa mkaa: ili kila asubuhi ujue lipi ni jipya, ulitoe, ule. Lile jeupe lilitagwa asubuhi ile. Alikuwa amelipangia kulila jioni, kama sista alivyosema. Yale kumi na moja yangekuwa vifaranga mwezi wa Novemba na kuku wa supu mwezi wa Machi, kwa ajili yake mwenyewe akishajifungua, na kwa wanawake watakaokuja kumwogesha mtoto. Kuni zipo, ulezi upo, kuku hawakuwepo. Mimi sikuwahi kuuliza watatoka wapi. Kwa hiyo aliwatafuta yeye, chini ya kuku wake mmoja, ili mama yake asiseme nyumba ya mwalimu haina kuku.

"Jana jioni mama alimwona ameatamia," alisema. "Akakubali. Jana jioni alikubali nibaki."

Mimi nikasema jambo baya zaidi. Nilisema kwamba nilidhani hawali mayai, kwa sababu ya upara.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, wa kwanza siku ile ambao haukuhusu kuku.

"Upara gani? Sisi ziwani tunakula mayai. Mama alikula akiwa na mimba yangu. Hayo ya upara niliyasikia kwa mama yako, kule Mbuji." Akasimama. "Ungeniuliza, Mwalimu. Hatua sita."

Nilibaki pale nikiwaza hotuba yangu. Nilikuwa nimewaeleza walimu thelathini mwiko wa watu wa ziwani, na ulikuwa mwiko wa mama yangu. Niliubeba kutoka Mbuji mpaka Uganda na kurudi nao, na nilipoukuta ndani ya sanduku langu nilidhani ni mali ya mtu mwingine.

Kwa mama mkwe huwezi kwenda kuomba radhi. Huna uso wa kwenda nao. Anayemkosea mkwe huenda kwanza kwa watu wake. Nikachukua baiskeli, nikaelekea Mbuji, nikiisukuma zaidi ya kuipanda, na nilifika jioni wanaume wa ukoo wakiwa wamekaa sengu. Sengu ni pale wanaume wa boma moja wanapokula pamoja, kila nyumba ikileta sahani yake, na shauri la mtu likaletwa baada ya ugali. Walikuwepo baba yangu na baba wadogo wawili. Nilinawa, nikala kidogo, nikasema shauri langu.

Nilitegemea waulize kuhusu mayai. Baba yangu aliweka tonge chini.

"Ulipika wewe?"

"Nilipika mimi."

Kimya. Nimetetea tasnifu mbele ya maprofesa. Kimya chao kilikuwa chepesi kuliko hiki. Baba mdogo mmoja akauliza kwa upole, kama anayemuuliza mgonjwa, kama mkwe wangu alikula. Nikasema alikula. Vipande vingapi? Viwili. Wakatazamana. Yule baba mdogo akajifunika uso kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika, na baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka kwenye sengu, aligeukia upande akakohoa kwa muda mrefu mno.

Baada ya hapo waliamua haraka. Aibu ilikuwa ya boma lote: mke wetu alikuwa akijitafutia kuku wa uzazi mwenyewe, na hakuna aliyeuliza. Kila nyumba itoe kuku. Asubuhi kuku saba walikuwa wamefungwa miguu. Wawili walitoka kwa mama yangu. Alinisaidia kuwaning'iniza kwenye usukani, akakaza fundo, kisha akauliza kama ni kweli mke wangu ameyala yale mayai.

"Ameyala, mama."

"Basi atazaa mtoto mwenye upara," alisema, si kwa ubaya, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Nilicheka kicheko cha msomi. Kilidumu mpaka mteremko wa kwanza.

Niliingia Mbinga watu wakitoka misa ya pili. Sijui kama umewahi kupita katikati ya waumini mia mbili, wengi wao wazazi wa wanafunzi wako, ukiwa na tai shingoni na kuku saba kichwa chini wakipiga kelele kila gurudumu likigonga jiwe. Mkuu wa shule alinivulia kofia. Nilimwitikia kwa kichwa, kwa sababu mikono yote ilikuwa kazini.

Nyumbani, masanduku mawili ya mke wangu yalikuwa yamekaa barazani yamefungwa kamba. Niliwateremsha kuku uwanjani, nikawafungua miguu, nikarudi nyuma mpaka kona ya nyumba, uso kwenye mgomba. Mama mkwe akatoka jikoni. Alizunguka, akawainua mmoja mmoja, akawapapasa vifua kwa kidole gumba. Ilichukua muda. Mke wangu alisimama mlangoni, mkono juu ya fremu, na nikamwona anauma mdomo.

"Karibuni," mama mkwe akawaambia wale kuku, kwa Kiswahili. "Hapa mtalishwa vizuri. Ila mkitaka kutaga, tagieni mbali. Kuna msomi."

Kisha akaenda barazani, akafungua kamba ya sanduku la kwanza.

Lori la Jumatatu lilishuka bila wao. Kosa langu lilikuwa kudhani mambo yameishia hapo. Mama mkwe alikuwa amekubali binti yake ajifungulie Mbinga, lakini hakukubali kumwacha na mimi peke yangu. Alibaki. Kwa miezi mitano niliingia nyumbani kwangu kwa kukohoa, nikala peke yangu, nikamsalimu mgomba. Yule kuku mwekundu alitaga upya, akaatamia, na mayai yakachorwa mkaa. Jikoni sikukanyaga. Jibini iliyobaki niliirudisha kwa bruda, nikamwambia imetusaidia sana.

Mke wangu alirudisha mwili polepole, kwa mayai meupe. Lakini usiku mmoja wa Januari, tukiwa peke yetu, aliniuliza kama kitu kile kinaweza kupikwa kwa yai moja tu. Nilimwambia hakiwezi. Akasema anauliza tu.

Machi mvua ilikuwa kubwa. Lori la Lundo lilikwama na halikuonekana kwa wiki mbili. Uchungu ulianza Jumanne, na Jumatano mtoto akawa bado, na siku hiyo ya pili sista alipita mbele yangu mara tatu kwenye veranda ya hospitali bila kunitazama. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa veranda, nami upande huu, migongo yetu imegeuziana, na sijawahi kukaa na mtu karibu kiasi kile. Saa kumi jioni alizungumza. Hakukuwa na ufagio wala mlango. Alizungumza na mvua.

"Kule tungekuwa tumemzika," alisema.

Saa kumi na moja mtoto alilia. Mzima, wa kike, mkubwa. Sista alitoka naye amefungwa kitambaa cheupe, akamkabidhi bibi yake, kama ilivyo haki. Mama mkwe alimtazama, akamgeuzia upande wangu, nami nikatazama chini kwa heshima, kisha nikaibia kwa jicho moja.

Hakuwa na unywele hata mmoja. Kichwa kilikuwa laini, cha mviringo, kinang'aa kidogo.

Mimi, mwenye digrii, mwandishi wa "Miiko na Maendeleo," nilisimama kwenye veranda ya hospitali nikihesabu: mayai tisa, vipande viwili, miezi mitano. Nilisubiri mtu aseme. Mama mkwe alisema amefanana na babu yake. Mke wangu, nilipoingia, alisema ana vidole virefu. Sista alisema uzito ni mzuri. Hata mama yangu, alipokuja kutoka Mbuji, alimbusu mtoto kwenye paji la uso akauliza tu kama ananyonya vizuri. Alikuwa amesahau kabisa alichoniambia.

Nywele ziliota mtoto alipofikisha miezi minne. Mimi ndiye niliyeziona kwanza, kwa sababu nyumba nzima hapakuwa na mwingine aliyekuwa akizitafuta.